Dawa za kufungua breki ya kinga si vitamini

"Daktari, si hizi ni za kuongeza kinga tu? Niendelee na unga wa mlonge?" Swali hilo, kuhusu dawa za saratani zinazofungua breki ya kinga, limenifika tena juzi, na kila likinifika naogopa, kwa sababu anayeamini hivyo huchelewa kusema anapougua.

Pembrolizumabu, nivolumabu na ipilimumabu haziongezi kinga. Seli T, yaani seli za damu zinazokulinda kwa kushambulia, unazo tayari, ila zimekanyagiwa breki. Juu ya seli T kuna kipokezi kiitwacho PD-1; kikiguswa na protini iitwayo PD-L1 iliyo juu ya seli nyingine, seli T hutulia. Breki hiyo ni ya kawaida, ndiyo inayouzuia mwili usijishambulie. Saratani nyingi hujivika PD-L1 hiyohiyo zikapita salama. Pembrolizumabu na nivolumabu huziba pale pa kugusana, na seli T inarudi kazini. Tasuku Honjo wa Japani aliyegundua PD-1, na James Allison wa Marekani aliyefanya kazi juu ya breki nyingine, CTLA-4, ile inayozibwa na ipilimumabu, walipewa Nobel mwaka 2018.

Sasa elewa hili: breki haifunguki kwenye uvimbe peke yake. Utumbo mpana, mapafu, ini, tezi ya shingo, hata moyo, vyote vinaweza kushambuliwa. Kwa hiyo usiniambie "ni chakula tu kimemkataa." Ukiharisha mara nne kuzidi kawaida yako kwa siku, piga simu siku hiyohiyo. Kikohozi kipya au kuhema, vivyo hivyo. Mara nyingi tunasimamisha dawa na kutoa steroidi, dawa za kutuliza kinga. Antibiotiki za dukani zinakupotezea muda. Tena madhara huweza kuzuka miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho. Ndiyo maana kila mgonjwa wangu namwandikia jina la dawa kwenye karatasi, akae nayo kwenye pochi, amwonyeshe kila daktari atakayemhudumia.

Wengine huniambia: "Nywele hazijanyonyoka, basi dawa haifanyi kazi." Nywele hunyonyoka kwa kemo, inayoua seli zinazogawanyika haraka. Hizi hazifanyi hivyo.

"Inatibu saratani zote." Hapana. Melanoma (saratani ya ngozi), saratani ya mapafu na ya figo huitikia mara nyingi zaidi kuliko ya kongosho. Kwanza kipande cha uvimbe kipimwe, ndipo uuze shamba kulipia dawa.

"Uvimbe umekua kwenye picha ya kwanza, dawa imeshindwa." Mara nyingi ni kweli umekua. Mara chache ni seli za kinga zimejazana ndani yake. Mgonjwa akiwa na nguvu zake, tunarudia picha baada ya wiki chache kabla ya kuamua.