Nukta za kaboni: huo mwanga ni wa nani?

Changanya asidi ya sitriki (ile ya kwenye ndimu) na ethilinidiamini, kemikali yenye nitrojeni, kwenye maji, funga kwenye chombo cha chuma kinachostahimili mgandamizo, kisha pasha tanurini kwa nyuzijoto 200 za Selsiasi kwa saa 5 hivi. Kitakachotoka ni kimiminika cha kahawia, ukikitazama hakina la ajabu. Kimulike kwa taa ya urujuanimno, na chupa nzima inawaka buluu.

Zinazowaka ni nukta za kaboni, chembe zisizofika upana wa nanomita 10. Unywele wa binadamu unazizidi maelfu ya mara. Ziligunduliwa nchini Marekani mwaka 2004, na wala hazikuwa zikitafutwa: watafiti walikuwa wakisafisha mirija midogo mno ya kaboni.

Sisi wa maabara tunazipenda kwa sababu uso wake unanasa vitu. Dondoshea maji yenye madini ya chuma yaliyoyeyushwa ndani ya chupa ile, mwanga unafifia papo hapo. Chuma kikizidi, mwanga nao unazidi kupungua, kwa hiyo kwa kupima mwanga uliobaki tunajua chuma ni kiasi gani. Lakini zebaki nayo huweza kuufifisha mwanga huohuo. Kufifia hakutaji jina la mhusika, ndiyo maana kipimo kilichojaribiwa kwenye maji safi tu mimi sikiamini hadi kipite kwenye damu au maji ya mto.

Ndani ya seli kuna ugumu mwingine. Seli humeza nukta hizi zenyewe, na hazina kadimi, metali yenye sumu iliyomo kwenye nukta nyingi za kwantamu, chembe nyingine ndogo mno zinazong'aa. Ila seli nayo ina mwanga wake hafifu, wa buluu na kijani, ukiimulika kwa urujuanimno. Nukta ya buluu humo inapotea. Inayotufaa zaidi ni inayotoa mwanga mwekundu.

Linalonisumbua kuliko yote ni usafishaji. Tanuri lile hutengeneza pia molekuli ndogo zinazong'aa buluu ileile. Tunamimina kimiminika kwenye mfuko wa utando wenye vitundu vidogo sana, tunauzamisha majini kwa siku kadhaa huku tukibadilisha maji. Molekuli ndogo hutoka, nukta hubaki. Basi usiyamwage maji ya nje kabla ya kuyamulika. Mara nyingine hayo ndiyo yanayowaka kuliko kilichobaki mfukoni.