Vasi ya seladoni ya Longquan: rangi na nyufa hazithibitishi umri

Seladoni ni kauri ya kijani ya China. Iliyosafiri mbali zaidi ni ya Longquan, mkoani Zhejiang. Vigae vyake vimefukuliwa hata Kilwa na Gedi, ingawa huko ni vya mabakuli na sahani zaidi kuliko vasi. Hapa chini, kila kauli iliyo kwenye alama za nukuu ni dhana inayosikika kuhusu vasi hizi, na jibu lake hufuata.

"Kijani chake ni cha mrututu, au cha jiwe la jedi lililosagwa."
Ni cha chuma. Glezi, yaani utando wa kioo unaofunika udongo, huwa na oksidi ya chuma asilimia 1 hadi 3 hivi. Chombo huchomwa kwa joto la nyuzi 1,200 za Selsiasi hivi, na fundi huibana hewa tanurini ili moto ukose oksijeni. Hewa ikipenya, chombo hutoka cha manjano au kahawia. Kwa hiyo vasi yenye umanjano si lazima iwe bandia.

"Maua yalichongwa baada ya kuchomwa."
Yalichongwa udongo ukiwa umenyauka lakini haujakauka. Kisu hulazwa kimshazari: upande mmoja wa mfereji husimama wima, wa pili hupanda taratibu. Glezi ikiyeyuka hujaa mferejini na kukolea, huku kwenye kingo ikibaki nyembamba na kupauka. Hapo ndipo pa kukagua kwa kioo cha kukuza. Mistari yenye kina kimoja na kingo za mviringo ni dalili ya kalibu. Kalibu nayo ni ya zamani, ila muuzaji asikutoze bei ya mchongo wa mkono.

"Nyufa nyingi, umri mkubwa."
Nyufa hutokea glezi inaposinyaa kuliko udongo wakati wa kupoa. Vasi iliyotoka tanurini wiki hii inaweza kuwa nazo, na waigaji huzitia chai au wino zionekane kongwe. Seladoni nyingi halisi za Longquan hazina ufa hata mmoja.

"Haina muhuri wa mfalme, basi ni feki."
Kinyume chake ndicho cha kutilia shaka. Vasi za Longquan za enzi za Song na Yuan (karne ya 10 hadi ya 14) kwa kawaida hazina muhuri; ile maarufu iliyoandikwa mwaka 1327 ni nadra. Muhuri wa mfalme Qianlong (1736–1795) ni wa viwanda vya Jingdezhen, mji mwingine wa kauri, nao umeigwa mno.

"Kitako chekundu hakidanganyi."
Hudanganya. Wekundu halisi huja hewa inaporudi tanuri likipoa: chuma kwenye udongo usio na glezi hugeuka rangi ya kutu, na hukolea karibu na glezi inapoishia. Waigaji hupaka tope lenye chuma, na rangi hiyo huwa sawasawa kote.

"Maabara itamaliza ubishi."
Kipimo cha mwanga-joto hukadiria lini udongo ulichomwa mara ya mwisho, lakini pale tu palipotobolewa kuchukua sampuli. Kitako cha kale kilichogundishwa kwenye mwili mpya hufaulu vizuri sana.

(Ile imani kwamba seladoni hubadilika rangi ikitiwa sumu ilienea Mashariki ya Kati. Haina msingi.)

"Dawa ya klorini huing'arisha."
Klorini hupenya nyufani, chumvi zake huganda na kubandua glezi. Tumia maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na brashi laini, ndani ya beseni la plastiki lililotandikwa taulo. Maji ya moto hulegeza gundi za matengenezo ya zamani. Na usiishike shingo. Beba kwa mikono miwili, mmoja chini ya kitako.