Ziwa la barafu halijaganda hadi chini

Wengi wakisikia kuna ziwa Antaktika lililofunikwa na barafu mwaka mzima, huwaza bonge moja la barafu, juu hadi chini. Si hivyo. Chukua Ziwa Vanda, katika Bonde la Wright. Barafu yake ina unene wa mita 3 hadi 4 hivi. Chini yake ni maji matupu, kina cha zaidi ya mita 60. Na huko chini kabisa joto hufika karibu nyuzi 25 za Selsiasi!

Zamani baadhi ya watafiti walidhani joto hilo hutoka ardhini. Kumbe ni jua. Mwanga hupenya barafu angavu na kupasha maji ya chini polepole, miaka nenda miaka rudi. Kwa kawaida maji ya moto hupanda, lakini haya yamejaa chumvi, hasa kloridi ya kalsiamu, kwa hiyo ni mazito mno kupanda. Hayachanganyiki na maji baridi ya juu, na ndiyo maana chini hakuna oksijeni ilhali juu imezidi kiasi.

Mchanga nao hupata njia. Upepo huumwaga juu ya barafu, kiangazi chembe nyeusi hupata joto la jua, zikayeyusha barafu iliyo chini yake na kuzama kidogo kidogo. Zikikuta ufa, hudondoka hadi sakafuni. Katika Ziwa Hoare, bonde la jirani, mchanga wa namna hii umejirundika vilima vilima, na kando yake hustawi tabaka za vijidudu.