Mtoto kukinzana na sheria: maana yake, chanzo chake na mahali pa kumzuia

Jumatano moja mtaani kwetu, mama mmoja muuza maandazi alirudi nyumbani akakuta sufuria yake kubwa haipo. Hakupiga kelele. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha mnunuzi wa vyuma chakavu, nyumba chache kutoka kwake, akaikuta imelazwa kwenye rundo la mabati na nondo zilizopinda. Aliijua kwa ule mbonyeo wa ubavuni, uliotokea siku ilipodondoka kwenye daladala. Mwenye kibanda hakuficha: kaleta mtoto, kaipima kwenye mizani, kampa shilingi elfu mbili. Mtoto mwenyewe alikuwa wa mama huyohuyo, miaka 11, darasa la tano. Zile elfu mbili zilikuwa zimeshamezwa na dubwi, ile mashine ya kamari inayolishwa sarafu za mia mbili.

Jambo kama hili wazee waliliita utukutu. Serikali nayo ilitumia neno hilohilo, ndiyo maana watu wazima wengi bado wanakumbuka maneno "shule ya watoto watukutu". Magazeti husema uhalifu wa watoto. Maofisa ustawi wa jamii na mahakimu siku hizi husema mtoto aliyekinzana na sheria, na mimi nalishika hili la mwisho, kwa sababu linataja kilichotokea bila kumbandika mtoto jina la kudumu. Maana yake ni mtu wa chini ya miaka 18 anayetuhumiwa, au aliyethibitika, kutenda jambo ambalo sheria inalihesabu kuwa kosa. Mengine ni makosa yaleyale ya wakubwa: wizi, kujeruhi, kuvunja nyumba, kuuza bangi. Mengine ni shida kwa kuwa tu mtendaji ni mtoto, kama utoro wa shule, pombe, kamari, kulala nje. Mtu wa miaka 40 akilala nje hakuna anayemtafuta. Haya ya pili si uhalifu hasa, ila ndiyo yanayoonekana mapema, na mtu mwenye macho huanzia hapo.

Sheria yenyewe haimtazami mtoto kama mtu mzima mfupi. Kwa Tanzania Bara, Kanuni ya Adhabu inasema mtoto aliye chini ya miaka 10 hawajibiki kwa jinai, basi. Aliye chini ya miaka 12 naye hawajibiki, isipokuwa ithibitishwe kwamba wakati anatenda alikuwa na uwezo wa kujua kuwa kitendo hicho hakifai. Mtoto wa sufuria yuko palepale katikati. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ikaongeza kwamba mtoto hahukumiwi kifungo gerezani, na kwamba kesi yake isikilizwe katika Mahakama ya Watoto, pasipo umati, ofisa ustawi wa jamii akiwepo. Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, ndiyo inayofahamika zaidi kwa kazi hiyo. Kenya walikuwa na umri wa chini kabisa wa miaka minane, wakaupandisha hadi 12 kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, na hatua hiyo ilistahili kuchukuliwa zamani.

Umri ni jambo zito kuliko tunavyolichukulia. Marekani, Marvin Wolfgang na wenzake waliwafuatilia wavulana 9,945 waliozaliwa mwaka 1945 na kukulia mji wa Philadelphia, wakapitia kumbukumbu za polisi mpaka walipofikisha miaka 18. Kama theluthi moja waliwahi kuandikwa na polisi angalau mara moja. Lakini katika hao, karibu nusu hawakurudia tena baada ya kosa la kwanza. Upande wa pili, wavulana 627 tu, asilimia 6 ya wote, walibeba zaidi ya nusu ya makosa yote yaliyoandikwa. Philadelphia si Mbagala ya Dar es Salaam, najua, ila picha hiyo imejirudia katika nchi nyingine zilizofanya uchunguzi wa aina hiyo, na kila mwalimu mkuu wa shule ya msingi anaitambua darasani kwake. Watoto wengi hujaribu wakaacha. Wachache hujaribu wakaendelea. Swali linalonisumbua ni nini hutokea kati ya kosa la kwanza na la tano, maana hapo katikati pana watu wazima wengi waliomwona mtoto yule.

Kwanza, saa zake. Shule nyingi za mjini zimejaa, kwa hiyo watoto wanasoma kwa zamu: hawa asubuhi, wale mchana. Mtoto wa zamu ya mchana anaamka mama ameshaondoka alfajiri kwenda soko la Feri au la Ilala, baba yuko kwenye bodaboda, na yeye ana saa tano za kufanya apendavyo. Elimu bila malipo ilianza mwaka 2016 na watoto wakamiminika shuleni, jambo jema kabisa, ila chumba cha darasa hakikuongezeka kwa mwendo uleule. Ukitaka kujua mtoto anaharibikia wapi, usianze na tabia yake. Anza na ratiba yake, uulize kila saa yuko na nani.

Pili, mtu mzima anayenunua. Hili tunalisahau kila siku, nami nakasirika kila nikilitaja. Mtoto haibi sufuria ili aipikie. Anaiba kwa sababu kuna mizani inayomsubiri na mtu asiyeuliza maswali. Mfuniko wa chemba ya maji taka una kilo nyingi, hauwezi kuwa mali ya mtoto wa darasa la tano, na anayeupokea anajua hivyo. Simu iliyokwapuliwa ina fundi wa kuifungua. Bangi ina anayempa mtoto misokoto aisambaze, kwa kuwa mtoto akikamatwa hafungwi. Na lile dubwi lina mwenyewe, tena limewekwa dukani, pembeni ya pipi na daftari, wakati sheria inakataza mtu wa chini ya miaka 18 kucheza kamari. Tunamwita mtoto mwizi, huku biashara nzima iliyomzunguka ni ya watu wazima wenye ndevu.

Tatu ni maskani. Kijana wa miaka 14 anataka kuonwa, na pale kijiweni anaonwa. Ana jina la utani, ana zamu ya kuvuta, ana wakubwa wanaomtuma na kumsifu. Nyumbani anaitwa ili afokewe. Shuleni anakaa dawati la nyuma na wenzake sita, na mwalimu hajui jina lake la pili. Ukiliona hivyo huwezi kushangaa anakochagua.

Umaskini unatajwa kila mahali kuwa chanzo, nami siukatai, ila nausogeza kidogo. Nyumba nyingi kabisa maskini hazikutoa mwizi hata mmoja, na nyumba zenye geti zimetoa. Umaskini unauma kwa namna ya kumnyima mtoto mtu wa kuwa naye: mama anauza mpaka usiku, chumba kimoja kinalala watu saba, kijana anaambiwa akalale kwa rafiki, na huko kwa rafiki hakuna anayejua alirudi saa ngapi. Kipigo nacho kimo. Si kibao cha mara moja. Nasema kile cha mkanda kila jioni, cha baba wa kambo aliyelewa. Watoto wengi waliozagaa stendi na sokoni wakivuta gundi ukikaa nao watakuambia walikimbia mkono fulani, tena watakuonyesha alama.

Halafu kuna jina. Mwaka 2014 na mwanzoni mwa 2015 Dar es Salaam ilitikiswa na makundi ya vijana wadogo wenye mapanga yaliyoitwa Panya Road, na mwaka 2022 hofu hiyo ikarudi tena. Watu waliumizwa, wengine walikufa, sitaki kulipunguza hilo hata chembe. Lakini nakumbuka pia jinsi jina lilivyotapakaa kuliko kundi lenyewe. Kijana yeyote mwembamba aliyenyoa kiduku, akisimama na wenzake wanne kwenye kona, alikuwa tayari Panya Road. Wapo waliolikataa jina. Wapo walioliona kubwa kuliko lolote walilowahi kupewa, wakalivaa. Wanaochunguza uhalifu wamelisema jambo hili tangu miaka ya 1930: mtu akishaitwa mhalifu na kila anayemjua, milango ya watu wema inamfungikia, na unabaki mlango mmoja tu. Kibaya zaidi ni kelele za "mwizi!" mchana kweupe. Mtoto aliyekwapua embe anajikuta katikati ya wale tunaowaita wananchi wenye hasira kali, na hapo hakuna hakimu wala umri.

Ipo na dawa moja ya nyumbani ambayo naiogopa. Mzazi aliyechoka anamwomba askari amweke mwanawe lupango, yaani mahabusu ya polisi, usiku mmoja, akaonje, ashike adabu. Nia ni njema na machozi ni ya kweli. Wamarekani walijaribu jambo la namna hiyo kwa mpango maalumu, miaka ya 1970, katika gereza la Rahway, New Jersey: waliwapeleka vijana ili watishwe na wafungwa wa vifungo virefu. Ilipochunguzwa vizuri, hapo na kwingineko, vijana waliopelekwa walifanya makosa mengi kuliko wenzao wa aina ileile ambao hawakupelekwa. Lupango mtoto hukutana na wakubwa wenye namba za simu na kazi za kumtuma. Akitoka, kile alichokuwa anakiogopa ameshakiona, na hakikumuua.

Ndiyo sababu sheria inataka mtoto asichanganywe na watu wazima akiwa mahabusu. Utekelezaji ndio mgumu. Mahabusu za watoto zipo chache, kama ile ya Upanga Dar es Salaam, na za Tanga, Moshi, Arusha na Mbeya, na shule ya maadilisho ya serikali kwa Bara kwa miaka mingi imekuwa moja tu, Irambo, Mbeya. Mtoto wa Kigoma au Lindi akiamriwa kwenda huko anatenganishwa na mama yake kwa safari ya siku nzima, na nauli hiyo mama hana. Akirudi baada ya miaka, anarudi kwa watu ambao hawakubadilika na mtaa ambao haukumsubiri.

Kwa hiyo mimi naamini kazi kubwa ifanyike mapema, tena karibu na nyumbani. Temeke, Dar es Salaam, ulijaribiwa mpango wa marekebisho ya tabia ndani ya jamii: mtoto mwenye kosa dogo anabaki kwao, anapangiwa mtu wa kumfuatilia, anarudishwa shule au kupelekwa kwenye ufundi, na familia yake inakaa kikao. Wataalamu huita uchepushaji, yaani kumchepusha mtoto asiingie kwenye njia ya polisi na mahakama pale inapowezekana. Jambo hili halihitaji jengo. Linahitaji ofisa ustawi wa jamii mwenye watoto wachache wa kutosha kuwajua kwa majina, na leo hao maofisa ni haba mno kwa idadi ya kata tulizonazo.

Mengine hayahitaji hata ofisa. Mwalimu wa darasa akiona kiti kitupu siku ya pili, apige simu siku hiyohiyo, asingoje mwisho wa mwezi kujumlisha utoro. Serikali ya mtaa ina uwezo wa kwenda kwa wanunuzi wote wa vyuma chakavu na kuwaambia mbele ya mjumbe: mzigo wa mtoto haupimwi hapa. Dubwi lililo dukani lina mwenye leseni, na leseni hiyo inaweza kuhojiwa. Uwanja wa mpira wa mtaa usiuzwe kiwanja kwa kiwanja. Na Waswahili wa pwani walikuwa na jambo ambalo natamani tulirudishe kwa namna yetu ya leo: aliyefikia umri alikuwa na kungwi au somo, mtu mzima asiye mzazi wake, wa kumwambia yale ambayo mdomo wa mama hauwezi kuyatoa. Kijana wa miaka 13 akiwa na mtu mmoja wa namna hiyo, fundi seremala, kocha, ustadhi, shangazi, anakuwa na mtu ambaye hataki kumwangusha.

Nirudi kwa sufuria. Yule mama hakumwita mtu yeyote wa kumpiga mwanawe. Jioni alimshika mkono, akamwita na mjumbe wa nyumba kumi, wakaenda watatu mpaka kibandani. Mjumbe alianza na mwenye mizani, akamsema mpaka yule bwana akaomba radhi na kuirudisha sufuria bila kudai elfu mbili zake. Kisha akamgeukia mtoto, akamwuliza kwa sauti ya chini asubuhi huwa anakaa na nani. Mtoto akasema, "Peke yangu." Tangu wiki ile, kabla ya zamu yake ya mchana, anakaa kwa bibi mmoja mshona nguo jirani yao, anamfungulia na kumpangia nyuzi kwa rangi. Mara nyingi nikipita namkuta ameshika daftari, bibi anakanyaga cherehani, wala hawazungumzi.