Kufundisha ulaji bora: maswali ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii

Nianze somo na makundi sita ya vyakula?

Hapana. Uliza kwanza jana walikula nini. Wakijibu ugali na dagaa, makundi mawili tayari yapo: nafaka na vyakula vya asili ya wanyama. Ndipo mtafute pamoja mboga za majani, tunda, mikunde na mafuta. Ukianza kwa kukosoa sahani ya mtu, hatasikia la pili.

Kina mama kliniki wanaleta unga wa lishe wenye nafaka tano, soya na karanga. Niwaambieje?

Hapa tumia muda wako mwingi, maana nia yao ni njema na mtoto ndiye anayepata hasara. Mahindi, mchele, ngano, ulezi na mtama vyote ni kundi moja. Nafaka moja inatosha. Soya huchelewa kuiva kuliko unga wa nafaka, na isipoiva huzuia mwili kumeng'enya protini. Karanga zilizosagwa zikikaa, mafuta yake huchacha. Zikiwa na ukungu huweza kuwa na sumukuvu, na kuuchemsha uji hakuiondoi. Basi karanga zichambuliwe, zikaangwe, zisagwe kidogo kidogo na zitiwe uji ukiwa jikoni.

Pika mbele yao. Chota uji, inamisha kijiko: ukitiririka kama chai, ni mwepesi mno, na tumbo dogo la mtoto litajaa maji. Mtoto wa miezi 6 aanze na vijiko vya chakula 2 hadi 3 kwa mlo, aongezewe taratibu hadi nusu kikombe cha mililita 250. Akitimiza mwaka, robo tatu hadi kikombe kizima. Maziwa ya mama yaendelee.

Wenye presha nawaambia wapunguze chumvi, hawapunguzi. Kwa nini?

Kwa sababu "punguza" haina kipimo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai kilichosawazishwa. Kwa watu wazima watano ni gramu 25, kwa hiyo pakiti ya nusu kilo isiishe kabla ya siku 20. Waandike juu ya pakiti tarehe ya kuifungua. Hapo bado hamjahesabu mkate, ng'onda na vidonge vya mchuzi. Tena zungumza na anayepika. Mgonjwa mara nyingi siye.

Wanafunzi je?

Wape lebo ya soda wasome. Ikiandikwa gramu 10 za sukari kwa mililita 100, chupa ya mililita 300 ina gramu 30. Wapime wenyewe kwenye glasi kavu: vijiko vya chai saba na nusu. Usiwatishe kwa magonjwa ya uzeeni.

Nitajuaje wameelewa?

Ukiuliza "mmeelewa?" wote wataitikia ndiyo. Mpe mama mmoja sufuria na unga apike, wenzake wamsahihishe, nawe ukae kimya mpaka kijiko kiinamishwe.