Leza ya Ngozi: Malengelenge Si Dalili Kwamba Inafanya Kazi

Alikaa mbele yangu akiwa amejifunika mtandio hadi chini ya macho. Alipoufungua, shavu la kushoto lilikuwa na miduara myeusi iliyopangana kama mihuri, kila mmoja ukubwa wa kifungo cha koti. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu apigwe leza ya kuondoa nywele. Siku ile ile miduara ilitoa malengelenge. Akampigia simu aliyemhudumia, akajibiwa asiwe na wasiwasi, ngozi inajichubua ili itoke mpya. Akangoja. Jibu hilo nimelisikia kwa wagonjwa wengi mno, na ndilo lililonifanya niandike haya. Maswali ni yale ninayoulizwa kila siku kliniki ya ngozi.

Leza ni nini?

Ni mwanga mkali wa wimbi moja unaoelekezwa mahali padogo. Leza ya kwanza iliwashwa mwaka 1960 na Mmarekani Theodore Maiman. Mwanga huo ukiingia kwenye ngozi haufanyi lolote mpaka umezwe na kitu: melanini, ambayo ndiyo rangi ya ngozi na nywele, au rangi nyekundu ya damu, au maji. Kilichoumeza hupata joto na kuharibika. Mwaka 1983 Rox Anderson na John Parrish walieleza jinsi ya kuchagua wimbi na muda wa mpigo ili kiungue kile tu kinacholengwa, na leza nyingi za ngozi tunazotumia leo zinafuata kanuni hiyo.

Kwa hiyo leza hutibu kwa joto. Joto likienda pasipotakiwa, umeungua. Hakuna jina lingine.

Inasaidia matatizo gani?

Nywele zisizotakiwa, vipele vya ndevu vinavyotokana na nywele kujikunja na kurudi ndani ya ngozi, alama nyekundu za kuzaliwa, tatuu, na makovu ya chunusi. Mabaka meupe ya vitiligo yana leza yake, ya nanomita 308 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga). Nywele nyeupe haziondoki kwa leza kwa sababu hazina melanini ya kumeza mwanga. Keloidi, kovu linalovimba na kukua kupita kidonda chenyewe, haitibiwi kwa leza peke yake. Madoa ya melazma usoni yanaweza kupungua kisha yakarudi, na mara nyingine yakarudi meusi zaidi, kwa hiyo leza haiwi dawa ya kwanza. Mwanamke anayeota ndevu na hedhi yake inaruka miezi, apimwe homoni kwanza. Ukichoma nywele bila kutafuta kinachoziotesha, zitaendelea kuota.

Mashine moja inafaa watu wote?

Haifai. Kwenye ngozi nyeusi melanini imejaa tabaka la juu kabisa. Mwanga uliotumwa kwenye mzizi wa nywele hukutana kwanza na melanini hiyo, ukamezwa njiani, na ngozi ya juu ndiyo inayoungua. Wimbi refu humezwa kidogo na melanini na hupita kwenda chini zaidi. Ndiyo sababu kwa kuondoa nywele kwenye ngozi nyeusi tunapendelea leza ya Nd:YAG ya nanomita 1064 badala ya alexandrite ya 755. Ile mashine ya mwanga wa mawimbi mchanganyiko inayoitwa IPL si leza hata kama bango limeandika leza, na kwa ngozi nyeusi ni hatari zaidi.

Muulize anayekuhudumia: hii ni mashine gani, ya nanomita ngapi, na umeshawatibu watu wangapi wenye ngozi kama yangu? Akikasirika, chukua mkoba wako uondoke. Akikujibu vizuri, mwombe ajaribu kwanza kwenye kipande kidogo kisichoonekana sana, kisha msubiri. Ngozi nyeusi inaweza kuchukua wiki kadhaa kuonyesha kwamba imeudhika. Anayekataa kujaribu kwa sababu ana haraka, ana haraka na pesa zako.

Nimepata malengelenge baada ya leza ya nywele. Si ndiyo inafanya kazi?

Hapana. Lengelenge ni kuungua. Mzizi wa nywele uliokufa hautoi lengelenge juu ya ngozi. Lengelenge maana yake joto limeishia kwenye ngozi yako badala ya kufika lilikotumwa.

Lakini nimeambiwa ngozi inajichubua ili iwe mpya.

Hapana tena. Baada ya leza ya nywele, kinachotarajiwa ni ngozi kuwa na joto, wekundu kidogo (kwenye ngozi nyeusi unaweza usiuone, utausikia tu), na vivimbe vidogo kuzunguka kila unywele kama ngozi iliyosisimka kwa baridi. Vinaisha ndani ya saa chache, au siku moja mbili. Malengelenge, ngozi iliyogeuka kijivu au nyeupe, ngozi inayobambuka kama ganda, maumivu yanayokunyima usingizi usiku: hayo yote ni kuungua.

Ziko leza mbili ambazo habari yake ni tofauti. Leza ya kaboni dioksidi ya makovu huchuna tabaka la juu kwa makusudi, na huacha majimaji na vigaga kwa siku kadhaa. Kufuta tatuu nako kunaweza kutoa lengelenge hata kazi ikifanywa sawasawa. Tofauti ni kwamba hayo utakuwa umeelezwa kabla ya kulala kitandani, ukapewa dawa na maelekezo ya kutunza kidonda, na ukajua siku ya kurudi. Anayekuambia "ni kawaida" kwa simu, baada ya kuungua, bila kuona ngozi yako, hakutibu. Anakutuliza ili usirudi kumdai.

Nifanye nini nikiungua?

Pooza kwa maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Ni dakika nyingi kuliko unavyodhani, kwa hiyo tazama saa. Barafu usiweke, inaumiza ngozi iliyokwisha kuumia. Dawa ya meno, mafuta ya kupikia, majivu: usipake chochote kati ya hivyo. Lengelenge usilitoboe. Funika kwa kitambaa safi kisichonata, kisha uende kwenye kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Narudia: siku hiyo hiyo. Usingoje kesho uone kama pametulia. Kwenye ngozi nyeusi kila kidonda ni mwaliko wa doa, na kidonda kilichoachwa kikaingia usaha ni mwaliko wa kovu. Doa hufifia kwa miezi, kovu unabaki nalo. Kama jicho linauma au uoni umebadilika baada ya leza ya usoni, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Na miwani ya kinga ni ya watu wote waliomo chumbani. Usikubali kufumba macho tu.

Palipoungua pamekuwa peusi. Nirudie leza, au nipake krimu ya kung'arisha?

Usifanye lolote kati ya hayo. Swali hili linanichosha kwa sababu wengi huuliza wakiwa wameshafanya yote mawili. Pale peusi ni ngozi inayojikinga baada ya kuumizwa. Ukiipiga leza tena, unaiumiza mara ya pili na unaongeza giza. Kinachosaidia ni kinga dhidi ya jua kila asubuhi, SPF 30 au zaidi, kutopachubua, na dawa utakayoandikiwa na daktari wa ngozi baada ya kukuona. Na subira, miezi kadhaa ya subira.

Kwa nini mnauliza sana kuhusu krimu zangu?

Kwa sababu mnaficha. Mtu ananiambia anatumia sabuni tu, nami naona mishipa midogo mashavuni na ngozi iliyokonda kama karatasi ya kufungia vitu. Krimu za kujichubua mara nyingi zina steroidi kali, haidrokwinoni au zebaki. Ngozi iliyokondeshwa na steroidi huungua upesi na hupona polepole. Niambie ukweli, sikuhukumu. Nikijua, nitaahirisha leza mpaka ngozi itulie. Nisipojua, nitaipiga kama ngozi nzima, na utakayeungua ni wewe. Taja pia vidonge vya isotretinoini vya chunusi, ujauzito, historia ya keloidi, na kama huwa unatoka malengelenge ya homa mdomoni, maana leza ya usoni huyaamsha.

Nina baka jeusi. Lichomwe tu kwa leza?

Lionwe kwanza na daktari. Leza inaweza kufuta rangi ya juu na kuacha chembe za saratani zikiendelea chini, na hapo maabara haina nyama ya kupima wala jicho halina rangi ya kufuatilia. Watu weusi hupata melanoma, saratani ya chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi, mara chache, lakini wanapoipata huwa mara nyingi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo hakuna anayeangalia. Bob Marley alikuwa na melanoma chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu. Mwanzoni ilichukuliwa kuwa jeraha la kucheza mpira. Ilimuua mwaka 1981 akiwa na miaka 36. Baka linalokua, lenye kingo zisizo sawa au rangi zaidi ya moja, linalotoa damu, au mstari mweusi wa ukucha unaopanuka: usimpelekee mtu wa leza. Mpelekee daktari.

Naogopa maumivu. Nipake krimu ya ganzi nyumbani kabla ya kuja?

Usijipakie mwenyewe mwili mzima. Mwaka 2007 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya wanawake wawili vijana kufa. Walikuwa wamepaka krimu ya ganzi miguuni na kuifunika kwa plastiki kabla ya leza ya nywele. Dawa ile hupenya ngozi, huingia kwenye damu, na ikizidi husimamisha moyo. Paka kiasi ulichoelekezwa, sehemu ndogo, bila plastiki. Na usiombe ganzi nyingi mpaka usisikie chochote. Leza ya nywele husikika kama mpira wa kufungia noti unaokupiga ngozini. Ikigeuka kuwa moto usiopoa, sema "simama", na mashine isimame. Ukiwa umekufa ganzi kabisa, hutajua wakati wa kusema.

Niliungua wiki mbili zilizopita na naona aibu kuja. Nimechelewa?

Umechelewa kidogo, lakini njoo. Yule dada mwenye miduara shavuni alikuja wiki ya tatu. Miduara miwili ilikuwa imeingia usaha chini ya kigaga. Tuliisafisha, akapewa dawa, akaacha krimu aliyokuwa akiipaka juu ya vidonda kwa ushauri wa rafiki. Miduara mingine inafifia. Ile miwili imeacha makovu. Njoo na jina la mashine, tarehe ya leza, na kila kopo ulilopaka tangu siku hiyo, hata lile unaloona aibu kulitoa kwenye mkoba. Usijipodoe siku ya kuja, ili niione ngozi ilivyo.