Bastola Tupu Ni Ipi?

"Iko tupu, nimeshatoa magazini." Nimeyasikia tena juzi, kwa mjomba wangu mwenye leseni halali na miaka mingi ya kumiliki silaha. Alikuwa ametandika gazeti mezani, mafuta na brashi tayari, anataka kuifungua aisafishe. Watoto wanapita nyuma yake.

Bastola tupu ni ile ambayo chemba yake haina risasi. Magazini, lile kasha la risasi linalochomolewa, ni jambo jingine, na maneno yenyewe yanatuambia hivyo.

Magazini ni neno lililosafiri sana. Lilitoka kwenye Kiarabu, makhazin, yaani maghala, likapita kwa Waitaliano na Wafaransa, likafika kwa Waingereza, ndipo likatufikia sisi. Ndiyo maana kwa Mfaransa ni duka, na kwa Mwingereza ni jarida pia, kwa kuwa mwaka 1731 mchapishaji mmoja wa London aliliita jarida lake ghala la habari. Mzizi huohuo wa Kiarabu ulishatupa sisi hazina. Kwa hiyo magazini ni hazina ya risasi, akiba inayongoja zamu.

Chemba ni ukoo mwingine kabisa. Wengi hudhani ni chumba kilichopinda ulimi, lakini chumba ni mtoto wa nyumba, Kibantu kitupu. Chemba tumeipata kwa Waingereza, nao waliipata Kilatini, kwenye camera. Kwa hiyo ni ndugu wa kamera ya kupigia picha. Ni neno lilelile la chemba ya choo, na la watu wanaoteta chemba. Kwenye bastola ni pale nyuma ya mtutu ambapo risasi moja imekwisha kukaa, inasubiri kupigwa tu.

Ukibeba hazina yote ukaiweka kabatini, risasi iliyoko chemba bado iko chemba. Zipo bastola, kama Browning Hi-Power ya mwaka 1935, zilizoundwa zisifyatuke magazini ikiwa nje, na huenda mazoea ya kuitegemea magazini yalianzia huko. Bastola za Glock hazina kizuizi hicho. Tena Glock 17, iliyochukuliwa na jeshi la Austria mwaka 1982, haifunguki mpaka kwanza uvute triga. Mtu ametoa magazini, hakutazama chemba, anavuta triga ili aanze usafi. Kisha tunaambiwa silaha ilijifyatua yenyewe. Beretta 92 hufunguka bila kuvuta triga, lakini nayo hutazamwa vilevile.

Mpangilio nao una uzito wake. Mtutu uelekezwe mahali salama, kidole kiwe nje ya triga, magazini itoke, ndipo uvute sehemu ya juu nyuma na kuizuia hapohapo. Ukianza kwa kukoki magazini ikiwa ndani, risasi ya chemba itaruka nje, lakini ukiachia tu, magazini inapandisha nyingine mahali pake. Umeona risasi ikianguka kwa macho yako, na bado bastola imejaa. Kwa hiyo chungulia chemba kwenye mwanga, kisha ingiza ncha ya kidole uipapase. Rivolva haina magazini kabisa: kila tundu la silinda ni chemba, nayo yote yatazamwe. Risasi zenyewe zihamie chumba kingine kabla chupa ya mafuta haijafunguliwa. Mengine yamo kwenye kijitabu cha bastola yako, na mikono ioshwe baadaye, maana masizi ya mtutu yana risasi ile ya madini.

Kwa hiyo, mjomba, ukisema umetoa magazini, nakuamini. Neno tupu naomba ulisubirishe kidogo, mpaka kidole chako kiwe kimeingia chemba na kurudi.